Hodi si lazima ijibiwe kwa mlango wazi

Mdogo wangu wa Mwanga, hapa Kigoma, umeuliza ufanyeje na watu wanaobisha hodi bila taarifa wakati mumeo yuko ziwani kuvua dagaa na wewe umebaki na watoto. Kwanza acha ile tabia yetu ya kuitikia "karibu" kabla hujajua nani. Uliza "nani mwenzangu?" mlango ukiwa umefungwa. Hapo hujamvunjia mtu adabu. Sisi wa Ujiji tulifundishwa hodi ni tatu, usipoitikiwa unaondoka. Anayegonga mara ya nne na kutikisa kitasa, huyo kuwa naye macho.

Akisema katoka umeme au maji, aoneshe kitambulisho dirishani, kisha mpigie mwenyekiti wa mtaa uulize kama ana taarifa. Hata makarani wa sensa ya 2022 walifuatana na viongozi wa mtaa, sembuse fundi wa mita! Akikuharakisha au akidai pesa mkononi, usifungue. Usiku ukiona mambo siyo, ita majirani, piga polisi namba 112. Na usiseme "baba watoto hayupo", sema amelala.

Shemeji aliyeshuka na treni bila kupiga simu ni habari nyingine. Huyo mfungulie, ugali wa muhogo na samaki wetu migebuka havikosekani. Ila muulize siku hiyohiyo anaondoka lini. Mimi niliona haya kuuliza, mgeni akakaa mpaka mvua zikaisha.