Spana za Land Rover Series III

Umeuliza kwa nini spana yako inateleza kwenye bolti za Land Rover yako ya zamani, Series III. Ni inchi kaka, siyo milimita. Bolti nyingi za Series III ni za inchi, ndiyo maana hiyo spana yako ya milimita 13 inateleza: kichwa kile ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Ukilazimisha, kona zote zitalika na utahamia kwenye tindo. Anza na spana za inchi 7/16, 1/2 na 9/16.

Hayo nilifundishwa na mzee mmoja Arusha aliyezeekea kwenye gereji ya magari ya utalii. Tafuta wa aina hiyo badala ya kuhangaika peke yako hapo Moshi, ni kilomita 80 hivi tu. Ila usimwachie gari ukaondoka! Kaa, mshikie tochi, muombe akuonyeshe kurekebisha tapeti moja, yaani uwazi wa vali (kwa injini ya lita 2.25 uwazi ni inchi 0.010, zote nane), zinazobaki ufanye mwenyewe akiangalia. Chakula cha mchana unanunua wewe, ndiyo karo yenyewe.

Angalia pia chini ya boneti: kama aliyekuuzia alishapachika injini ya Toyota, kwenye injini hiyo rudi kwenye milimita zako.