Mtoto Kamaliza Basic 6? Subirini Kwanza

Jumamosi nimemwona tena. Baba wa kwetu, sare ya kazini bado mwilini, kapiga magoti mbele ya binti yake anakaza kamba za viatu vya barafu kwa nguvu zake zote, na ndani ya kile kiatu kuna soksi nzito jozi mbili na kipande cha sponji kimechungulia nyuma ya kisigino. Nikajua hapohapo. Lakini utamwambiaje mtu mzima jambo kama hilo mbele ya mwanawe? Nikamsalimia, nikapita. Basi naliandika hapa, kwa ajili yake na kwa wote mnaoleta watoto kwenye rinki zetu hizi za kuteleza kwenye barafu hapa Minnesota, mliovuka Snowplow Sam, darasa la wadogo kabisa, mkapanda ngazi za mafunzo za Basic 1 mpaka 6, na sasa mmeanza kuuliza lile swali: haya, tunaruka lini?

Hamruki. Kwanza tuongee.

1. Viatu.

Sisi tulilelewa na viatu vya shule vya "utakulia humohumo". Mama anabonyeza ncha kwa kidole gumba, akikuta nafasi ya kutosha anafurahi, mtoto anaburuza miguu Januari mpaka Desemba. Kwa kwenda darasani haina neno. Kwenye barafu ni msiba, na najua kwa sababu mimi niliufanya, tena kwa majivuno.

Binti yangu alipomaliza Basic 6, nilinunua viatu vilivyotumika kutoka kwa mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa anaruka miruko ya mizunguko miwili. Buti nyeupe, ngozi nene, bleidi, kile chuma cha chini, inang'aa, nusu ya bei ya dukani. Nikajiambia, kama vimemfaa bingwa, vitamfaa na mwanangu. Vilikuwa vikubwa, nikaongeza soksi. Wala sikuuliza kwa nini vilikuwa vigumu vile. Nilidhani ugumu ndio ubora.

Kocha aliniambia mapema, kwa upole wao wa huku ambao kwa mtu wetu ni rahisi kuupuuza, kwamba mtoto hawezi kukunja goti. Mimi nikasikia hataki. Hapo ndipo nilipoharibu. Nikawa nasimama nyuma ya kioo napiga kelele "Goti! Goti!" mpaka kina mama wengine wakahama benchi. Kwenye gari njia nzima ni goti. Nyumbani nilimsimamisha sebuleni achuchumae na kuinuka huku wadogo zake wakicheka. Mtoto akaanza kuumwa tumbo kila asubuhi ya barafu. Nikamnunulia dawa ya tumbo.

Mwisho kocha akatutuma kwa fundi wa viatu vya kuteleza, mzee mmoja mwenye miwani kwenye ncha ya pua. Alichomoa soli ya ndani ya kiatu, akaiweka sakafuni, akamwambia binti yangu asimame juu yake. Mbele ya vidole vyake ilibaki sehemu tupu ambayo hata mimi niliona aibu kuitazama. Kisha akamvisha buti, akafunga kamba, akamwambia kunja goti, akaingiza kidole nyuma ya kisigino. Kidole kikaingia chote. Kisigino kilikuwa kinapanda na kushuka ndani ya kiatu, na pale kwenye kifundo ngozi haikuwa na hata mkunjo mmoja. Mtoto wa kilo zake zile hana uzito wa kukunja buti iliyotengenezwa kuzuia kishindo cha kutua miruko mikubwa. Mzee akauliza, "Vimetoka wapi hivi?" Nikajibu kwamba tulipewa zawadi. Binti yangu akainua macho akanitazama, hakusema kitu.

Hasara ya pesa niliimeza. Iliyouma ni nyingine. Kwa kuwa kifundo kilikuwa kimefungwa, mwili wake ulikuwa umejitafutia njia: kiuno kinainama mbele, mabega yanajipinda ili kugeuka. Tulipompa viatu sahihi, ubaya ule ukabaki mwilini. Majira mazima ya baridi yakaishia kufundishwa upya mambo ya Basic 4, pamoja na watoto waliomfika kifuani. Na aliyekosea hakuwa yeye.

Kwa hiyo: mtoto akisimama wima vidole viguse mbele kidogo tu, akikunja goti virudi nyuma, kisigino kisiinuke. Ugumu wa buti ufuate miruko anayofanya sasa hivi, msiufuate ule mnaouota. Fundi wetu hakubali kuacha zaidi ya nusu saizi ya kukulia, hata umsihi vipi. Vilivyotumika si haramu, ila mkamwoneshe fundi kabla hamjatoa hela.

2. Bleidi.

Msipeleke kunolewa pale wanaponoa viatu vya hoki pekee, wanaweza kukusagia lile jino la chini kabisa kati ya meno ya ncha ya mbele ya bleidi, na jino likishaondoka halirudi. Futeni kwa kitambaa mpaka mahali pa skrubu. Zile kava za plastiki ni za kutembelea tu, ukizilaza nazo usiku kutu inaanza.

3. Kingo kabla ya miruko.

Hapa ndipo ninapogombana na nusu ya wazazi. Miruko sita ndiyo inayohesabiwa: tolupu, Salchow, lupu, flipu, Lutz na Axel. Yote sita, awe mtoto wa Free Skate 1, ngazi za baada ya Basic, au bingwa wa dunia, hutua kwa mguu mmoja, kinyumenyume, juu ya ukingo wa nje wa bleidi, ule wa upande wa kidole kidogo cha mguu. Mtoto asiyeweza kukaa juu ya ukingo ule kwa utulivu, mguu huru umenyooka nyuma, mabega yametulia, hana mahali pa kutua. Atazunguka vizuri hewani halafu ataanguka, na nyinyi mtasema bahati mbaya.

Axel ndiyo inayowatoa wazazi jasho, kwa sababu ndiyo pekee inayoanza mtoto akitazama mbele. Kwa kuwa kutua ni kinyumenyume, huongezeka nusu mzunguko: Axel moja ni mzunguko mmoja na nusu. Kuna watoto hukaa nayo mwaka mzima na zaidi. Ni kawaida kabisa, na halina uhusiano na mtoto wa jirani kuipata baada ya wiki chache.

Flipu na Lutz nazo zitazameni. Zote mbili mtoto anachomeka meno ya bleidi na kupaa, lakini flipu hutoka ukingo wa ndani na Lutz ukingo wa nje. Akiharakishwa, dakika ya mwisho kifundo kinaangukia ndani, Lutz inageuka flipu bila yeye kujua. Sasa hivi hakuna anayemkata alama. Akifika kwenye mashindano ya alama, jopo litarudia video polepole na kumkata kila mara, na wakati huo tabia imekomaa.

Ndiyo maana kocha akisema dakika zote za leo ni kugeuka kwa umbo la 3 na kupishanisha miguu kwa kurudi nyuma, msikune vichwa mkihesabu dola. Jaribio la Skating Skills, yaani mtihani wa stadi za kuteleza, ambalo wakongwe bado wanaliita Moves in the Field, halina mruko hata mmoja.

4. Barafu ya fristaili.

Somo la kikundi mara moja kwa wiki halimtoshi tena. Anahitaji saa zake mwenyewe za mazoezi, ndizo hizo za fristaili, na zile za bei nafuu huanza saa kumi na moja na nusu alfajiri. Poleni. Mwandikie kwenye daftari vitu vitatu vya kufanya, asije akazurura. Mwenye muziki wake unaopigwa, mara nyingi kavaa mkanda wa rangi, ndiye anayepishwa kwanza. Anayefuata ni aliye kwenye somo. Akianguka aamke haraka, maana wenzake wanakuja kinyumenyume.

Nanyi kaeni juu, kimya. Kuna baba mmoja alikuwa anarekodi kila mzunguko na kumwonesha mwanawe papo hapo kwenye ukuta wa rinki, mpaka kocha akamwomba simu akaiweka mfukoni mwake hadi mwisho wa somo. Nilicheka sana. Nilikuwa na haki ya kucheka? Hapana.

5. Kocha.

Anzeni na mwalimu wa darasa anayemjua mtoto. Msiajiri wa pili kisirisiri, rinki hizi ni ndogo na makocha wote wanakunywa kahawa moja.

6. Nywele.

Hili hamtalisikia kwa wengine. Shanga zisiingie kwenye barafu. Moja ikidondoka, bleidi ya mtu ikaikanyaga, ni kuvunjika mfupa. Misuko ibanwe vizuri na ncha zifungwe. Soksi ndefu za rangi ya mwili madukani bado nyingi ni za mwili wa wengine, agizeni za kahawia mapema kabla ya maonesho. Na mtoto akiuliza kama kuna waliofanana naye, mwambieni habari za Mabel Fairbanks, aliyefukuzwa mlangoni mwa rinki za New York miaka ya 1930 kwa rangi yake, na mwaka 1997 akaingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa mchezo huu Marekani. Debi Thomas naye alichukua shaba ya Olimpiki huko Calgary mwaka 1988. Wangu alipoambiwa hayo aliuliza swali moja tu: Mabel alikuwa anasuka nywele gani?

7. Jaribio la kwanza.

Linaitwa Pre-Preliminary. Matokeo ni mawili, kapita au arudie. Akiambiwa arudie, mpelekeni akale, karatasi ya majaji mtaisoma kesho. Kocha ndiye atakayesema lini mwandikishe tena, na tafadhali, msimvizie kwenye maegesho ya magari kumuuliza.