Ulipigwa mionzi utotoni? Itafute karatasi yako

Nilitibiwa limfoma ya Hodgkin, saratani ya mfumo wa limfu, nikiwa na miaka 13: dawa za dripu, kisha mionzi shingoni na kifuani. Nikapona. Kliniki ya mwisho tuliambiwa tumshukuru Mungu, turudi nyumbani. Kwamba mionzi ileile inaweza kuleta saratani nyingine ukubwani, nilikuja kulisikia nikiwa mtu mzima.

Hatari hii haikai mwili mzima. Hufuata pale mionzi ilipopita: kifuani ni titi na mapafu, shingoni ni tezi ya thairoidi, tumboni utumbo mpana, na ngozi ya eneo lenyewe. Haina haraka pia. Mara nyingi hujitokeza baada ya miaka kumi na kuendelea, kwa hiyo kukaa salama miaka ishirini si cheti.

Kwetu wanawake, kubwa ni titi. Utafiti uliofanywa Marekani ulikuta kuwa kati ya wanawake waliopigwa mionzi kifuani utotoni, takriban 30 katika kila 100 walikuwa wamepata saratani ya titi kufikia umri wa miaka 50. Ni karibu sawa na waliorithi hitilafu ya jeni ya BRCA1, inayopandisha sana hatari ya saratani ya titi! Kwa hiyo miongozo ya huko huwataka waliopata Grei 10 (Grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) au zaidi wafanye mamogramu, yaani eksirei ya matiti, na MRI, picha ya sumaku, kila mwaka, kuanzia umri wa miaka 25, au miaka 8 baada ya mionzi, kutegemea lipi linakuja mwisho. Huku kwetu ukiomba mamogramu na miaka 27 utajibiwa, "Dada, wewe bado mdogo." Usibishane. Toa karatasi.

Karatasi hiyo ni muhtasari wa matibabu: eneo lililopigwa, dozi, tarehe, majina ya dawa. Iombe masjala ya hospitali ulikotibiwa, na uiombe sasa, maana mafaili ya zamani hupotea. Langu halikuonekana, kilichoniokoa ni kadi ya kliniki ambayo mama aliihifadhi kwenye mfuko wa rambo pamoja na vyeti vya ubatizo.

Sigara acha kabisa. Kwa mapafu yaliyopitiwa na mionzi, hatari huzidishwa, haijumlishwi tu.

Nanyi wazazi, msimkatalie mtoto mionzi kwa sababu ya haya. Saratani aliyo nayo leo haitamsubiri, na siku hizi dozi na eneo vimepunguzwa sana.

Mimi kila mwaka napigwa picha za matiti, na daktari hunipapasa shingo. Nikihisi kivimbe kabla ya tarehe, siisubiri tarehe.