Kidonge kimoja, dawa mbili ndani

Maswali ya wiki hii karibu yote ni ya vidonge vya maumivu vya mchanganyiko, yaani parasetamoli iliyotiwa kodeini, tramadoli au haidrokodoni, dawa za ukoo mmoja na mofini. Nimechagua matano.

Nimepasuliwa ngiri. Daktari kaniandikia vidonge vya kodeini na parasetamoli, viwili mara nne kwa siku. Maumivu yakizidi naongeza Panadol mbili mchana na mbili usiku. Kuna ubaya? (Morogoro)

Upo, tena hautoki kwenye hiyo kodeini ambayo kila mtu anaiogopa. Angalia ubavuni mwa boksi. Kama limeandikwa 30/500, kila kidonge kina miligramu 30 za kodeini na 500 za parasetamoli. Vinane kwa siku ni 4,000, na hapo ndipo mwisho kwa mtu mzima mwenye ini zima. Panadol ni parasetamoli ile ile, kwa hiyo nne zako zimekufikisha 6,000.

Ini linapoisaga parasetamoli hutoa sumu kidogo na kuizima lenyewe. Dozi ikizidi, akiba ya kuizima huisha. Kinachonikera ni ukimya wake: siku ya kwanza unaweza kupata kichefuchefu tu, au usisikie lolote, kisha macho yanakuja kuwa ya manjano baada ya siku mbili tatu. Dawa ya kulinusuru ini ipo, asetilisisteini, ila hufanya kazi vizuri zaidi ikiwahiwa ndani ya saa 8. Basi usingoje dalili. Acha Panadol, nenda hospitali leo, na ubebe maboksi yote. Zikague hata dawa zako za mafua, nyingi zina parasetamoli. Mwenye kilo chini ya 50, au mnywaji wa kila siku, kikomo chake ni cha chini zaidi, amuulize daktari.

Mwanangu wa miaka 9 anaumwa jino. Nikimkatia nusu ya kidonge changu cha kodeini? (Tanga)

Hapana, hata robo. Kodeini hugeuzwa kuwa mofini na ini, na wapo watu ambao maini yao huigeuza kwa kasi kubwa. Huwezi kuwajua kwa kuwatazama. Wapo watoto waliopoteza pumzi usingizini, ndiyo maana mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo lake kali kuliko yote, kwamba kodeini isitumike kwa walio chini ya miaka 12. Anayenyonyesha naye aiepuke, kwa sababu mofini hupita kwenye maziwa. Mpe mtoto parasetamoli ya kitoto kwa kipimo cha uzito wake, umpeleke kwa daktari wa meno.

Naruhusiwa bia moja? (Mombasa)

La. Na dawa za usingizi kama diazepamu vilevile, isipokuwa daktari anajua unatumia zote mbili. Mtu akikoroma isivyo kawaida, haamki ukimtikisa, midomo imekuwa ya bluu, mlaze ubavu na mkimbizeni hospitali. Naloksoni, dawa inayozima nguvu ya dawa za ukoo wa mofini, humrudisha, lakini inaweza kuisha nguvu kabla ya kile kidonge, hivyo akizinduka asirudishwe nyumbani.

Nimebakiwa na vidonge vya haidrokodoni baada ya kung'olewa jino huku Minnesota. Nimpelekee mama, mgongo unamsumbua? (Marekani)

Usimpelekee. Tangu Oktoba 2014 vidonge hivyo viko kwenye daraja la pili la dawa zinazodhibitiwa huko uliko, na kumpa mtu mwingine ni kosa, hata awe mzazi. Tena mgongo wa miaka mingi hautulizwi na masalia ya vidonge. Virudishe famasi inayopokea dawa zilizobaki, na hiyo nauli ya mzigo mtumie mama akaonane na daktari.

Nimetumia miezi mitatu. Nikikosa siku moja napiga miayo, kamasi zinatoka, mwili wote unauma. Ndiyo arosto? (Dar es Salaam)

Ndiyo yenyewe, na haina maana umekuwa teja. Mwili umezoea. Usikate ghafla, rudi kwa aliyekuandikia, akupunguzie dozi hatua kwa hatua. Na kama choo kimekuwa kigumu (hukuuliza, lakini naotea), mwambie hilo pia. Usingizi wa dawa hizi mwili huuzoea, choo hapana, na dawa ya kulainisha ilitakiwa uanze nayo siku ya kwanza.