Mbona mume wangu ananiacha mlimani?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina miaka 57, mume wangu 61. Tunaishi Lushoto na kila asubuhi tunapanda kilima kwa miguu. Zamani mimi ndiye nilikuwa namwacha nyuma. Tangu hedhi ikome, mwaka wa tano sasa, ananiacha yeye, na mapaja yote mawili yananiwaka moto kabla ya kufika juu. Presha ni ya kawaida. Nina nini?

JIBU: Nzuri, mama. Ukiwa umekaa, moyo husukuma kama lita 5 za damu kwa dakika, na misuli hupata takriban moja ya tano tu. Ukipanda mlima, lita hizo 5 huweza kufika mara tatu, na sehemu kubwa huenda miguuni. Ili damu hiyo ipite, ateri za mapaja, yaani mishipa inayopeleka damu kutoka moyoni, lazima zitanuke. Damu inapopita kwa kasi husugua utando wa ndani wa mshipa. Utando nao hutoa gesi ya naitriki oksaidi, ambayo hulegeza ukuta wa mshipa.

Estrojeni, homoni ya kike inayopungua hedhi inapokoma, huusaidia utando huo kutoa gesi kwa wingi. Ndiyo maana ateri za msichana hutanuka vizuri sana anapofanya mazoezi. Kwa mwanamume, uwezo huu huanza kushuka polepole tangu miaka ya 40, na mwili unazoea. Kwa mwanamke hudumu mpaka hedhi inapokaribia kukoma, kisha hushuka kwa kasi. Mume wako alianza kupoteza zamani, taratibu. Wewe umepoteza kwa miaka michache, ndiyo maana umeshtuka. Juu ya hapo, umri hukakamaza ateri za wote wawili.

Usiache kupanda, ila badili namna. Anza na dakika 10 za mwendo wa polepole penye tambarare. Mishipa ya umri wetu huchelewa kufunguka, na ukianza na mwinuko misuli hukosa oksijeni, ndipo paja linawaka. Kisha panda kwa haraka dakika 2, tembea taratibu dakika 2, mara tano au sita. Kasi iwe ile ambayo unaweza kuongea sentensi fupi lakini huwezi kuimba. Usisimame ghafla ukimaliza: damu hubaki miguuni na kizunguzungu hukupata. Malizia na dakika 5 za mwendo mdogo.

Mara mbili kwa wiki inuka kitini bila kushika kitu, mara 10, pumzika, rudia. Toa pumzi unapoinuka. Ukibana pumzi, presha hupanda ghafla.

Na msishindane. Ateri zako huenda zisirudi zilivyokuwa, lakini vimishipa vidogo ndani ya misuli huweza kuongezeka kwa mazoezi hata baada ya hedhi kukoma, na hivyo ndivyo vitakavyokufikisha juu.

Pima wingi wa damu, maana upungufu wake huleta uchovu uleule. Shavu la mguu likiuma kila mara baada ya umbali uleule na kutulia ukisimama, omba upimwe presha ya kifundo cha mguu igawanywe kwa ya mkono. Ikiwa uwiano uko chini ya 0.9, ateri imeziba kiasi. Ukibanwa kifua, au ukipata kichefuchefu, maumivu ya taya au uchovu usio wa kawaida unapopanda, acha hapohapo uende hospitali siku hiyohiyo. Kwa wanawake pia kifua ndiyo dalili ya kawaida zaidi ya moyo, lakini hizo nyingine huwapata zaidi kuliko wanaume.