Uonevu kazini: tunahitaji sheria, na kabla haijaja ufanye nini?

Maswali haya yametoka kwa wafanyakazi, mwajiri mmoja na kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi. Majibu yanahusu Tanzania Bara, isipokuwa pale tulipotaja kwingine.

Meneja wangu ananiita "mzigo" mbele ya wateja karibu kila siku. Wenzangu wanasema hakuna sheria inayomgusa. Ni kweli?

Ni kweli nusu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, kifungu cha 7, inakataza kumnyanyasa mfanyakazi. Tatizo ni kwamba inauhesabu unyanyasaji huo kuwa aina ya ubaguzi. Ni lazima uoneshe kwamba unanyanyaswa kwa sababu iliyotajwa humo: kabila, rangi, dini, msimamo wa kisiasa, jinsia, ujauzito, ndoa, ulemavu, VVU, umri na nyingine chache. Akikuita mzigo kwa sababu una mimba ya miezi saba, kifungu kinakulinda. Tena ukishaonesha dalili za kutosha za ubaguzi, jukumu la kuthibitisha kwamba haukuwepo linamhamia mwajiri. Lakini akikuita mzigo kwa sababu tu hakupendi, kifungu hicho hakina la kukusaidia. Matusi ni yaleyale na machozi ni yaleyale. Pengo hili ndilo linalotufanya tuseme bila kusita kwamba sheria mahususi inahitajika.

Nimechoka. Nikiacha kazi leo, naweza kudai?

Usiache leo. Sheria inakubali kwamba mfanyakazi aliyeacha kazi kwa sababu mwajiri ameifanya isivumilike anahesabiwa kuwa ameachishwa. Wengi wanalijua hilo, wanaandika barua kwa hasira, kisha wanashindwa. Wanaponzwa na mambo manne.

La kwanza ni kutolalamika ndani. Kanuni ya 7 katika Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, lenye kanuni za utendaji bora kazini, inamtaka aliyetendewa isivyo haki awe ametumia kwanza njia za malalamiko zilizopo kazini, isipokuwa awe na sababu nzuri ya kutozitumia. Kumlalamikia afisa rasilimali watu kwa mdomo, mlangoni, hakuachi ushahidi. Andika barua, peleka nakala mbili, ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa na iandikwe tarehe.

La pili ni barua ya kuacha kazi yenyewe. Watu wetu wana adabu, hivyo wanaandika "naishukuru kampuni kwa fursa, naacha kwa sababu za kifamilia". Sentensi hiyo itasomwa mbele ya msuluhishi na itakumaliza. Andika hivi: "Naacha kazi kutokana na matendo niliyoyalalamikia katika barua zangu za tarehe fulani na fulani, ambayo hayajashughulikiwa."

La tatu ni muda. Mgogoro wa kuachishwa kazi unafikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, ndani ya siku 30. Malalamiko mengine, yakiwemo ya ubaguzi ukiwa bado kazini, yana siku 60. Unajaza fomu Na. 1, unampa mwajiri nakala na kuchukua saini yake ya kupokea, kisha unaiwasilisha CMA pamoja na uthibitisho huo. Ukichelewa, unaomba kuongezewa muda kwa fomu Na. 2, na utaulizwa sababu ya kila siku iliyopita.

La nne ni muda wako kazini. Kama hujafikisha miezi 6 kwa mwajiri huyo, ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo haki haukuhusu.

Ushahidi wa maneno nitaupata wapi?

Nunua daftari dogo na ulitunze nyumbani, si kwenye droo ya ofisi. Andika siku hiyohiyo, kwa mfano: "Jumanne 4/3/2025, saa 2:20 asubuhi, kaunta namba 3. Maneno yake: 'Wewe ni hasara tupu.' Walikuwepo mtunza fedha na mlinzi." Usiandike "alinidhalilisha sana". Andika neno lenyewe lililotamkwa, hata kama linakuuma kuliandika. Ujumbe wa kundi la WhatsApp upige picha ukionesha tarehe na namba ya aliyetuma, kabla hujaondolewa kundini. Ukienda hospitali kwa kukosa usingizi au presha, mweleze daktari chanzo ili akiandike kwenye cheti.

Mimi ni mwalimu wa serikali. Naenda CMA?

Si moja kwa moja. Tangu marekebisho ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2016, mtumishi wa umma anatakiwa kumaliza kwanza ngazi za rufaa zilizo ndani ya utumishi.

Niko Nairobi. Kwetu hali ikoje?

Sheria ya Ajira ya 2007 inashughulikia unyanyasaji wa kingono, na mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi lazima awe na sera ya maandishi juu yake. Kwa uonevu mwingine, mawakili huegemea ibara ya 41 ya Katiba, inayotoa haki ya kutendewa kwa haki kazini. Ukishinda dai la kuachishwa isivyo haki, fidia haizidi mishahara ya miezi 12.

Mimi ni mwajiri. Sheria mahususi ya uonevu mnayoitaka haitamfanya kila mvivu anishtaki nikimkemea?

Hofu yako ina msingi, na nchi zilizotangulia ziliifikiria. Nchini Australia, tangu 1 Januari 2014, uonevu una vigezo viwili: tendo lisilo la busara linalorudiwarudiwa, na hatari kwa afya au usalama wa mfanyakazi. Kisha sheria inasema wazi kwamba hatua halali ya usimamizi iliyochukuliwa kwa njia ya busara si uonevu. Barua ya onyo kwa aliyechelewa mara 3 ni usimamizi. Kumsomea barua hiyo mbele ya wafanyakazi wote huku ukimdhihaki si usimamizi tena.

Tungependa mfano huo uigwe kwa sababu mfanyakazi anaomba amri ya kusimamisha uonevu akiwa bado kazini, na chombo husika kinatakiwa kuanza kulishughulikia ombi ndani ya siku 14. Kwetu, kwa uonevu usio wa kibaguzi, mlango ulio wazi zaidi ni ule wa kutokea. Mtu apoteze mshahara ndipo asikilizwe! Kasoro ya amri ya Australia ni kwamba haitoi fidia, hivyo sisi tungeyaweka yote mawili.

Sweden ilitoa kanuni zake mwaka 1993. Ufaransa ilifuata 2002, tena kwa kufanya uonevu kuwa jinai. Desemba 2019, mahakama ya Paris iliitia hatiani kampuni ya simu ya France Télécom na wakuu wake wa zamani: walitaka watu 22,000 waondoke, wakaruhusu wahangaishwe hadi waondoke wenyewe. Kwa hiyo sheria isimtazame bosi mwenye kelele peke yake, bali pia mpango uliopitishwa kimyakimya na wakubwa.

Dada wa kazi za ndani naye atahusika?

Ni lazima ahusike. Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 2019, unawalinda hata walio kwenye mafunzo na wanaotafuta kazi, na unahesabu mahali pa kulala alipopewa mfanyakazi na mwajiri kuwa sehemu ya kazi. Uganda na Rwanda zimeshauridhia.

Sisi ni tawi la chama. Tukae tusubiri Bunge?

Hapana. Ingizeni kipengele kwenye mkataba wa hali bora mnaojadiliana na mwajiri, kwa kuwa ukishasainiwa unawafunga wote wawili. Andikeni maana ya uonevu kwa vigezo viwili tulivyotaja, pamoja na wapokeaji wawili wa malalamiko, mmoja akiwa nje ya idara ya mlalamikiwa. Wekeni siku 14 za kutoa jibu la maandishi, na marufuku ya kumhamisha mlalamikaji bila ridhaa yake wakati uchunguzi unaendelea. Hiki cha mwisho ndicho waajiri wengi hukipinga mezani. Msikiachie.