Nimekuta vipele na buibui ndani ya kiota cha maji moto. Nipulize dawa?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mama mwenye mikorosho 80 hivi huku Masasi. Wiki iliyopita mjukuu wangu alikata tawi lenye kiota cha maji moto, wale chungu wakali wanaojenga kwa majani juu ya miti, nikakifungua kwa kijiti. Humo ndani chungu hawakuwa peke yao. Kulikuwa na vitu vya kahawia kama vipele, vimeng'ang'ania kwenye mshipa wa jani. Na kulikuwa na mdudu mmoja niliyedhani ni maji moto, mpaka aliporuka akaning'inia kwenye uzi. Majani ya chini yake yana masizi meusi. Jirani yangu anasema maji moto ndio wanaofuga magonjwa shambani, nipulize dawa viota vyote kabla mikorosho haijachanua. Nifanyeje?

JIBU: Shikamoo mama. Bomba la dawa liache stoo kwanza. Shauri la jirani yako silikubali, ila neno moja amelipatia: wanafuga.

Vile vipele ni wadudu gamba. Kila kimoja ni mdudu mzima aliyechomeka mrija wake kwenye mshipa wa jani, anafyonza utomvu, wala hana haja ya kutembea. Utomvu una sukari nyingi kuliko anayoihitaji, kwa hiyo ya ziada huitoa nyuma kama tone la maji matamu. Siku nyingine ukipata jani kama lile, usilitupe upesi. Liangalie kwa utulivu dakika chache. Utamwona chungu mdogo akimpapasa mdudu gamba kwa vipapasio vyake, tone linatokeza, chungu analinyonya, anahamia kwa mwingine. Ni kukamua kabisa, na huyo mkamuaji si yule anayekuuma mkononi. Maji moto wana vibarua wa aina mbili: wakubwa huwinda, hulinda na kujenga, wadogo hukaa zaidi ndani wakilea watoto na kuangalia mifugo.

Hili si jambo jipya kwetu. Mwaka 1954 mtafiti M. J. Way alichapisha kazi aliyoifanya Unguja kuhusu maji moto na mdudu gamba wa mikarafuu, ambaye jina lake la kisayansi ni Saissetia zanzibarensis. Wadudu gamba wanaotunzwa na maji moto hustawi kuliko walioachwa, kwa kuwa yale maji matamu yanaondolewa kabla hayajawagandia, na maadui wao wanafukuzwa. Lakini chungu si mfugaji mwenye huruma. Mifugo ikizidi mahitaji, huichinja akaila.

Masizi uliyoyaona yanatokana na maji matamu yaliyodondoka bila kunyonywa. Kuvu mweusi huota juu yake. Jipime mwenyewe: lowesha kidole, sugua jani. Yakitoka na kuacha jani la kijani, basi yako juu tu, hayajaingia ndani ya jani. Kama ni majani machache chini ya kiota, yapuuze. Kama tawi zima limekuwa jeusi, likate. Sijaona sababu ya kupulizia mkorosho mzima kwa ajili ya tawi moja.

Sasa yule aliyeruka. Huyo ni buibui, na nakusifu kwa jicho lako, maana wengi hupita naye bila kumtambua. Ni wa jamii ya buibui warukaji wanaoitwa Myrmarachne. Kiwiliwili chake kimebanwa katikati kifanane na cha chungu, na miguu ya mbele ameiinua hewani akiitikisa kama vipapasio. Mhesabu miguu, utapata minane; chungu ana sita. Ndege na wadudu wengi wanaogopa maji moto, kwa hiyo kuvaa sura yao ni ulinzi tosha. Kwa mkorosho wako hana ubaya wowote.

Wapo wageni wajanja kuliko huyo. Australia kuna buibui aitwaye Cosmophasis bitaeniata anayeishi na maji moto wa kule na kula mabuu wao. Chungu hutambuana kwa harufu, na buibui huyu huipata harufu ya nyumba kutokana na mabuu hao hao anaowala. Kwenye misitu ya Afrika ya kati na magharibi kuna viwavi wa kipepeo Euliphyra wanaokaa ndani ya viota vya maji moto wetu, na chungu huwalisha mdomo kwa mdomo kama watoto wao. Huwa nawaambia vijana wa shamba darasa kwamba kiota cha maji moto ni nyumba ya ukoo: kuna anayefanya kazi, kuna anayekula tu, na hakuna anayeuliza.

Tuje kwenye hesabu yako, mama. Wadudu gamba wanakugharimu utomvu kidogo. Upande wa pili, maji moto wanawawinda mbu wa mikorosho wanaonyausha machipukizi na maua, pamoja na kunguni wa minazi anayetoboa korosho changa na kuziachia madoa. (Huyo kunguni anaitwa Pseudotheraptus wayi, jina alilopewa kwa heshima ya Way yule yule.) Ukiua maji moto kwa dawa ya wadudu, unawafungulia hao mlango, na mwaka unaofuata utarudi dukani kununua dawa nyingine. Kwangu mimi biashara hiyo hailipi.

Ila usiwadai kazi isiyo yao. Ubwiri unga ni ugonjwa wa kuvu, maji moto hawauzuii, kwa hiyo mpango wako wa ubwiri unga uendelee palepale. Unapochagua dawa, hakikisha ni ya kuvu peke yake, haikuchanganywa na ya wadudu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi kiko chini ya mti. Fukua kidogo kwenye shina. Ukikuta sisimizi wadogo wa kahawia, na kati yao askari wenye vichwa vikubwa kuliko vya wenzao, hao ni Pheidole megacephala. Nao hufuga wadudu wanaofyonza, ila hawakulindii korosho dhidi ya kunguni, na huwafukuza maji moto mtini. Mkulima anaona viota vinapungua, anadhani ni ukame.

Hapa utanishangaa: palizi ya kufagia shamba likabaki jeupe huwasaidia hao sisimizi. Utafiti uliofanywa kwenye michungwa hapa Tanzania ulionyesha kwamba nyasi na magugu yakiachwa yaote chini ya miti, sisimizi hubaki ardhini na maji moto hushika miti. Ardhi ikiwa tupu, sisimizi hupanda. Kwa hiyo fyeka, usikwangue. Nyasi ziache fupi, na kwa sababu ya moto wa kiangazi, safisha vizuri barabara ya kuzuia moto kuzunguka shamba.

Maumivu ya kuumwa nayajua. Maji moto hawana mwiba. Wanang'ata, halafu wanamwagia asidi kwenye kidonda, ndipo unasikia kuungua. Lakini afadhali wewe kuliko mchumaji wa karafuu anayepanda mtini. Korosho huanguka yenyewe, nawe unaiokota chini. Siku ya kupogoa pakaa majivu mikononi, na fanya kazi asubuhi mapema kabla jua halijawachangamsha.

Kabla ya yote, pita kwenye mikorosho 10, uhesabu ni mingapi ina viota vyenye majani mabichi na chungu wanaopanda na kushuka. Kiota kilichokauka rangi ya kahawia mara nyingi kimehamwa, usikihesabu. Miti miwili jirani ikiwa na maji moto wanaopigana, ujue ni makundi tofauti, usiiunganishe. Mti usio na chungu, jirani na wenye nao, ufungie kamba kutoka tawi hadi tawi, watavuka wenyewe. Ukimaliza kuhesabu niandikie, na uniambie pia ulichokikuta kwenye mashina.